Tuagane Bila Deni: Mambo ya Kuzingatia Tunapoandaa Sherehe ya Kuwaaga Wageni Kijijini

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya maendeleo ya usharika mmoja wa vijijini mkoani Iringa, katika semina ya kamati za sharika pamoja na marafiki kutoka sharika za ng'ambo. Tumeifupisha kidogo. – Mhariri)

 

Nimeombwa niseme machache juu ya sherehe za kuagana. Wapo wageni katika sharika zetu wanaokaribia kumaliza muda wao wa kazi, na wao wenyewe wameomba kuwaandalia wanakijiji sherehe kabla ya kuondoka. Ni wazo jema na tunawashukuru. Katibu wa semina aliponipigia simu aliniuliza, "Mwalimu, utueleze, kwa kijiji kizima tuandae kreti ngapi za soda?" Nikamjibu kwamba kwenye soda tutafika, lakini nitaanza na matofali.

Sherehe iliyotugharimu

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado nafundisha shule ya msingi, kijijini kwetu walikaa wageni kwa miaka mitatu wakisaidia kazi ya maji ya mserereko. Walikuwa watu wema. Walikula ugali wetu, walizika wafu wetu, walijifunza Kiswahili kiasi cha kuulizia bei ya nyanya. Walipokaribia kuondoka wakasema, "Mmetukaribisha miaka mitatu, sasa ni zamu yetu kuwakaribisha ninyi."

Kwa desturi ya kwao, anayeondoka ndiye anayewaandalia rafiki zake chakula. Kwa desturi yetu, anayeondoka ndiye anayeandaliwa. Hatukukaa chini kuzungumza juu ya tofauti hiyo. Sisi tuliona haya kuwauliza, na wao walidhani kutuomba mchango ni kututwisha mzigo. Basi chakula kikaletwa kutoka mjini kwa gari, pamoja na wapishi waliovaa sare. Wali ulikuwa mwingi na nyama ilitosha. Lakini akina mama wenye masufuria ya usharika, wanaopika katika misiba na harusi zote za kijiji, walikaa chini ya mti mikono mapajani. Walikuwa wageni katika uwanja wao wenyewe.

Bibi mmoja alikuja na jogoo aliyefungwa miguu. Mgeni alimtazama kwa upole akasema, "Hapana bibi, kaa naye, wewe unamhitaji kuliko mimi." Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nikatafsiri hivyohivyo. Bibi akacheka, akamweka jogoo wake kwapani, akarudi nyumbani. Hakula chakula cha sherehe. Mgeni hakujua kwamba amemkataa mtu. Alidhani amemhurumia.

Kisha ukafika wakati wa hotuba. Mgeni alisimama, machozi yakamtoka, akasema kwamba ni ndoto yake siku moja kuiona zahanati katika kijiji hiki. Wapendwa, hapo ndipo nilipokosa. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, watu wote wananitazama, nami nilitaka washangilie. Nikasema kwa sauti kubwa, "Anasema watarudi, nao watatujengea zahanati!" Vigelegele vikapigwa. Mgeni akatabasamu, akidhani wanaishangilia ndoto yake.

Kiangazi kilichofuata kila kaya ilipangiwa kufyatua matofali mia moja. Watu walifanya kazi kwa moyo. Matanuru mawili yakachomwa, na matofali mengine yakapangwa yakisubiri kuni. Barua za wageni zilikuja zikitusalimu tu, wala hazikutaja zahanati, kwa kuwa hawakujua kwamba kuna watu wanaisubiri. Mvua ya kwanza ikapita, ikaja ya pili. Matofali mabichi yakayeyuka, na juu ya yale yaliyochomwa yakaota majani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba fedha za zahanati zimeletwa na mwenyekiti wa kijiji amezila. Uchaguzi ulipofika, akashindwa. Hata watu walipoitwa kuzibua chanzo cha maji, walijibu, "Ni kama yale matofali?"

Nami nilijua ukweli, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka minne. Mwishowe nilimwandikia yule mgeni, naye akanijibu kwa mshangao kwamba hakumbuki kuahidi jengo lolote. Alikuwa ametaja ndoto tu. Niliisoma barua hiyo mbele ya mkutano wa kijiji, nikaomba radhi. Yule mzee aliyepoteza uenyekiti alisimama akasema, "Mwalimu, matofali yalikuwa ya udongo, na udongo tunao. Jina langu ndilo lililonyeshewa."

Ndiyo maana nimekubali kusema leo. Watu wengi hudhani sherehe ya kuagana ni jambo dogo, ni pilau na picha za ukumbusho. Mimi nimeona kwamba siku moja ya kuagana inaweza kuharibu kazi ya miaka mitatu. Na nimeona pia, kwa mgeni mwingine aliyekuja baadaye, kwamba siku hiyohiyo ikiandaliwa vizuri inaifunga kazi kwa heri.

Kuaga ni kuomba ruhusa

Kwetu mtu haondoki tu. Ukimtembelea jirani, jua likielekea kuzama husimami ukaenda zako. Unasema, "Naomba ruhusa." Naye anakujibu, "Ruhusa unayo," kisha anatoka kukusindikiza hatua chache njiani. Ikiwa aliyekaa saa moja anaomba ruhusa, je, aliyekaa miaka mitatu? Hata akichinja ng'ombe watano, kama hajaomba ruhusa na hajaruhusiwa, huyo amelisha watu lakini hajaaga. Neno lenyewe kwaheri linasema tuachane kwa heri. Penye deni la fedha, la lawama au la ahadi, heri iko wapi?

Biblia inatupa mifano miwili. Katika kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, mzee Samweli anawaaga Israeli. Anasimama mbele ya watu wote na kuwataka waseme kama amemnyang'anya mtu ng'ombe au punda, kama amemdhulumu mtu au kupokea rushwa. Watu wanajibu kwamba hakufanya hivyo, na jibu lao linashuhudiwa. Samweli alitoa hesabu yake hadharani kabla ya kuendelea na mengine.

Mfano wa pili uko katika Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo anawaita wazee wa Efeso wamfuate Mileto. Anawakumbusha miaka mitatu aliyokaa nao, na kwamba hakutamani mali ya mtu bali alifanya kazi kwa mikono yake. Kisha anawaambia ukweli mgumu, kwamba hawatamwona uso tena. Walilia sana wakamsindikiza mpaka merikebuni. Angalieni hapo: Paulo hakuwafariji kwa kuwaahidi kwamba atarudi. Aliwapa ukweli, akawaachia kazi mikononi mwao.

Walioondoka bila kuaga

Historia yetu wenyewe inayo mafundisho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani katika nchi hii. Kuanzia mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi, lakini vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 wakakamatwa tena na kuwekwa kizuizini. Hapakuwa na nafasi ya sherehe. Vituo, shule na zahanati vilibaki mikononi mwa wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa, kwa msaada wa wamisionari wachache wa mataifa mengine. Kazi haikufa. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo leo ni KKKT.

Karibu zaidi na sisi ni mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea, shirika la Peace Corps la Marekani liliwaondoa wajitoleaji wake wote duniani mwezi Machi, watu wapatao 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, wakiwamo waliokuwa Tanzania. Mwalimu aliyekuwa akifundisha hesabu Ijumaa, Jumatatu hayupo.

Kutokana na hayo najifunza mambo mawili. La kwanza, kijiji kinaweza kuendelea bila mgeni, kwa hiyo tusiagane kama watu wanaokwenda kufa. La pili, kupata nafasi ya kuagana ni neema ambayo wengine hawakuipata. Tukiipata tuitumie vizuri.

Sasa niseme namna ya kufanya. Nitaeleza jinsi tulivyomuaga muuguzi mmoja aliyefika kwetu miaka kadhaa baada ya mkasa wa matofali. Kijiji kizima kilimwita Dada.

Kwanza: Kaeni kikao pande zote mbili

Tulikaa wiki sita kabla ya siku yenyewe. Walikuwapo wajumbe wa kamati ya usharika, serikali ya kijiji, akina mama wa masufuria, na Dada mwenyewe. Swali la kwanza halikuwa bajeti. Tulimuuliza, "Kwenu watu wanaagana vipi?" Akatueleza kwamba kwao kila rafiki huleta chakula chake, na kwamba marafiki husimama mmojammoja kusimulia kisa cha kuchekesha juu ya yule anayeondoka. Sisi tukamweleza kwamba kwetu anayeaga anakaa, wenyeji wanamhudumia, na wazee ndio wanaomruhusu.

Tulikubaliana kwamba sherehe iwe na wenyeji wawili: yeye atukaribishe na sisi tumkaribishe. Visa vya kuchekesha navyo tukavipa nafasi. Kijana wa bodaboda alisimulia jinsi Dada, wiki yake ya kwanza, alivyomsalimu mzee wa miaka themanini kwa kumwambia "Mambo vipi, baba?" na jinsi mzee alivyojibu "Poa!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Dada akamwendea mzee akapiga magoti na kusema, "Shikamoo." Bila kile kikao tusingempa mtu kipaza sauti amcheke mgeni wa heshima. Tungedhani ni utovu wa adabu.

Pili: Chagueni wakati unaofaa

Mgeni huangalia tarehe ya ndege. Kijiji huangalia ghala. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, na miezi ya Januari hadi Machi ndipo mahindi yanapopungua nyumbani na kazi shambani ni nyingi. Kumwomba mtu mchango wa sherehe wakati huo ni kumtesa. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, hata maskini ana cha kutoa. Ikiwa mgeni lazima aondoke Februari, basi sherehe iwe ya uji na chai, na hakuna aibu.

Angalieni pia Ramadhani, Kwaresima na siku ya gulio. Na saa itakayotajwa iwe ya kweli. Ikiwa watu wanatoka shambani saa saba, msiandike saa nne kwenye barua halafu mumwache mgeni peke yake na viti.

Tatu: Kila mmoja achangie, na kila mmoja aweze kula

Tulimwachia Dada vitu vya dukani: mchele, mafuta, sukari, chumvi na soda. Kijiji kikatoa mahindi, maharage, mboga, kuni, maji, masufuria na mikono ya kupika. Kila kaya ilileta bakuli moja la mahindi, na asiye na mahindi alileta mzigo mdogo wa kuni. Bibi mmoja asiye na kitu alikuja kuchambua mchele toka asubuhi, na jina lake likasomwa pamoja na ya wengine. Mtu aliyechangia anakuja sherehe akiwa ameinua kichwa.

Kijijini tupo Wakristo na Waislamu. Ng'ombe na kuku wachinjwe na ndugu Mwislamu ili wote wale bila shaka moyoni. Kuhusu vinywaji, najua Iringa ulanzi haukosekani. Usharika wetu ulisema togwa, na wazee wa kijiji wakakubali. Jambo hilo limalizwe kikaoni, lisije likazuka uwanjani.

Na ile meza kuu yenye kitambaa na soda mbili kwa kila kiongozi, huku watoto wakisimama juani? Dada aliomba akae mkekani na akina mama. Tukakubaliana akae meza kuu wakati wa hotuba, kwa heshima ya kijiji, kisha ale mkekani, kwa heshima yake. Watoto walikula kwanza. Na soda, ndugu katibu, ilikuwa moja kwa kila mtu, na wa mwisho walipata sawa na wa kwanza.

Nne: Hesabu na funguo kabla ya wali

Hili ndilo ninaloomba mlishike kuliko yote. Siku tatu kabla ya sherehe, uitishwe mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe wa dini yetu au la. Mbele yake visomwe vitu vitatu: fedha zilizoingia na zilizotoka, vifaa vilivyopo, na jina la anayekabidhiwa kila kimoja.

Kwa nini? Kwa sababu miradi mingi nchini haikufa kwa kukosa fedha za kuanzia. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kila mwanakijiji kupata maji ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991. Mashine na mabomba mengi yaliwekwa, na mengi yakasimama, kwa kuwa wananchi waliyaona ni ya serikali au ya wafadhili. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasisitiza kwamba wanaotumia maji ndio wawe wamiliki na waendeshaji wa mradi wao. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA pamoja na vyombo vya jamii vya kuendesha huduma ya maji vijijini. Kwa hiyo mgeni wa mradi wa maji akiondoka, asimwachie spana rafiki yake. Akabidhi kwa chombo hicho, mbele ya watu, na waandikiane.

Dada alikabidhi ufunguo wa kabati la dawa, mizani ya watoto na daftari la kliniki. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Akaomba kama kuna mtu aliyekosewa naye aseme. Uwanja ulikaa kimya muda mrefu. Mwishowe baba mmoja alisimama akasema kwamba mwaka uliopita Dada alimkaripia mkewe mbele ya watu kwa kuchelewa kumleta mtoto kliniki, na tangu siku hiyo mke wake hajarudi. Dada hakujitetea. Aliomba radhi, na siku iliyofuata akaenda nyumbani kwao kwa miguu. Siku ya sherehe mama yule alikuwa mmoja wa waliopakua wali. Nawauliza: hilo lingetokea wapi kama tungekimbilia kula?

Tano: Vitu vya nyumbani kwa mgeni

Kitanda, baiskeli, jiko la gesi, redio, masufuria. Mambo haya yameleta chuki kuliko fedha. Mgeni mwenye moyo mzuri humpa mlinzi baiskeli usiku wa mwisho, mpishi naye alishaahidiwa baiskeli ileile, na jirani anasema ilinunuliwa kwa fedha za mradi. Mgeni keshapanda ndege, ugomvi unabaki na mwinjilisti.

Andikeni orodha mapema. Mali ya mradi irudi kwa mradi. Mali binafsi ya mgeni agawe apendavyo, lakini kwa karatasi yenye sahihi ya shahidi mmoja, na amalize kabla ya siku ya sherehe. Waliomfanyia kazi walipwe haki zao zote kwanza. Redio si malipo ya likizo.

Sita: Pokeeni mnachopewa

Sasa naomba marafiki zetu wa ng'ambo wanisikilize. Mtakapoaga, mtapewa vitu. Huku kwetu mtavikwa mgolole, mtapewa vikapu vya milulu vilivyosukwa kwa siku nyingi, mtapewa mayai na kuku. Nanyi mtaangalia mavazi ya anayewapa, moyo utawaambia mkatae. Msikatae. Pokeeni kwa mikono miwili. Yule bibi wa jogoo alikuwa amekunywa maji yenu miaka mitatu, na siku ile alitaka kuwa mtu anayetoa. Mlipomrudishia jogoo mlimrudisha kuwa mtu wa kupewa.

Najua mashirika mengi ya ndege hupima sanduku kwa kilo 23, na kuku hapandi ndege. Dada alipewa kuku tisa. Aliwapokea wote, akashukuru kila mmoja kwa jina lake, na kesho yake wakapikwa kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa na ndugu zao. Waliotoa waliambiwa, wakafurahi. Zawadi ikishapokelewa inaweza kwenda mbele. Na picha mnazopiga, chapeni chache mzitume kwa ofisi ya kijiji. Siku hizi simu zipo, lakini si kila bibi ana simu ya kuonyesha picha.

Saba: Lindeni maneno

Baada ya yaliyonipata, nimejiwekea kanuni. Hotuba ya mgeni iandikwe na mkalimani aipate siku moja kabla. Wakalimani wawe wawili: mmoja aseme, wa pili asikilize na kusahihisha. Na tuyatenganishe maneno matatu: "tunatamani," "tutajaribu" na "tutafanya." Yaliyo ya kutamani yasemwe kuwa ya kutamani. Ikiwa hakuna "tutafanya" hata moja, si vibaya, sherehe itapendeza vilevile.

Kabla ya sala ya mwisho, katibu wa kijiji asome kwa sauti: "Leo kumeahidiwa haya, na hayakuahidiwa haya." Siku ya Dada katibu alisoma ahadi moja tu, kwamba atajibu barua yoyote ya kamati. Halafu akaongeza kwa uso mkavu kwamba hakuna zahanati iliyoahidiwa. Watu walicheka sana, nami nikacheka nikifuta machozi. Yule mzee mwenyekiti wa zamani ndiye tuliyempa heshima ya kutamka ruhusa. Alisimama akamwambia, "Mwanetu, ruhusa unayo. Nenda kwa heri." Kisha kijiji kizima kikamsindikiza kwa nyimbo mpaka kwenye daraja, ambako gari lilikuwa likimsubiri.

Neno la kumalizia

Wapendwa marafiki wa ng'ambo, msituogope. Mkitaka kutuandalia sherehe, tuandalieni, lakini tuacheni nasi tuwaandalie. Kile mnachookoa kwa kutotuomba kitu ni kidogo kuliko kile mnachotunyima. Na mtakapoondoka, msitupe matumaini ya kutufariji jioni moja. Tupeni ukweli, tutaufanyia kazi.

Wapendwa wajumbe wa kamati, nasi tuache tabia ya kunyamaza mbele ya wageni ili tusiwaudhi, halafu tukaongea wakishaondoka. Kama kuna hesabu isiyoeleweka, iulizwe mgeni akiwapo. Kama kuna ahadi tuliyoisikia vibaya, iulizwe siku ileile. Miaka yangu minne ya kunyamaza ilimgharimu mtu jina lake. Sitaki mmoja wenu abebe mzigo huo.

Mtaniuliza, na yale matofali? Yale yaliyochomwa yaliyobaki mazima tuliyahesabu upya mbele ya mkutano, tukajengea vyoo vya wasichana shuleni. Hakuna mfadhili aliyehusika. Siku ya kukabidhi tulikunywa togwa tu, na hesabu ilisomwa mpaka tofali la mwisho.

Ndugu katibu, uliuliza kreti. Hesabuni watu wenu, gawanyeni kwa chupa 24 za kreti moja, mwongeze mbili za akiba. Lakini hesabu ya fedha na funguo ianze kwanza.